Kwa Nini Nayatetea Masomo ya Darasani Katika Uzamili wa Baiolojia ya Seli

"Nikimaliza kozi ndipo nitaanza kazi." Kauli hii husikika kila mwaka miongoni mwa wanafunzi wanaoanza uzamili au uzamivu katika baiolojia ya molekuli na seli, na wasimamizi wengi huiunga mkono. Msimamizi ana ruzuku yenye tarehe ya mwisho. Mwanafunzi ana hamu ya kuona data yake mwenyewe. Katikati yao kuna mwaka mzima wa mihadhara, mazoezi ya hesabu, semina na mitihani, na wote wawili wanauona kama kizuizi cha kuvuka haraka iwezekanavyo.

Haraka hiyo naielewa. Lakini nimezisoma kozi hizo, kisha nikasaidia kuzifundisha, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba zina kitu ambacho maabara haikupi hata iwe bora namna gani. Maabara hukufundisha njia yake. Ukiingia maabara ya hadubini utatoka mtaalamu wa hadubini. Ukiingia maabara ya jenetiki ya hamira utaanza kuliona kila swali la dunia kama suala la mutesheni, yaani mabadiliko katika jeni. Hakuna ubaya katika hilo, ndivyo utaalamu unavyojengeka. Shida ni kwamba kila njia ina upofu wake, na aliyezama ndani ya njia moja ndiye wa mwisho kuuona. Darasani ndiko unakokutana na swali moja likivamiwa kutoka pande nne na watu wasiotumia chombo kimoja, na hapo unaanza kujua kila chombo kinanyamaza wapi.

Nitatoa mfano ulionifungua macho mimi mwenyewe. Katika kozi ya baiolojia ya seli, mwalimu wetu alitenga wiki kadhaa kwa swali moja tu: protini iliyotengenezwa ndani ya seli hutokaje nje? Kitabu cha shahada ya kwanza hulijibu kwa mchoro mmoja wenye mishale. Protini inaanzia kwenye retikulamu endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, inapitia Golgi, rundo la vifuko bapa, inapakiwa kwenye vifuko, vifuko vinaungana na utando wa nje, basi. Sisi hatukuruhusiwa kuutumia mchoro ule. Tulipewa makala za awali, kwa mpangilio wa miaka, tukaambiwa tuujenge upya kwa ushahidi.

Tulianza na hadubini. Mwaka 1967 James Jamieson na George Palade walichapisha kazi waliyofanya kwa vipande vyembamba vya kongosho la simbilisi. Seli za kongosho zinafaa sana kwa swali hili, maana kazi yao kubwa ni kutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula na kuvimwaga nje. Vipande vile vilipewa leusini, asidi amino mojawapo inayojenga protini, yenye mionzi kwa dakika chache tu, kisha leusini hiyo ikaondolewa na kuwekwa ya kawaida. Kwa hiyo ni protini zilizotengenezwa katika dakika zile chache peke yake zilizobeba mionzi. Vipande vikahifadhiwa kwa nyakati tofauti na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni, na kila penye mionzi pakatokea chembe nyeusi za fedha juu ya picha. Mwanzoni chembe zilijaa juu ya retikulamu. Baadaye kidogo zikawa upande wa Golgi. Baada ya saa mbili hivi nyingi zilikuwa kwenye punje za akiba karibu na mahali seli inapomwaga vimeng'enya vyake. Mishale ya kitabuni ilitoka huko.

Palade alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1974, na alistahili kabisa. Lakini ukikaa na picha zile unagundua zisichosema. Zinaonyesha mahali na wakati. Hazionyeshi ni nini kinachoisukuma protini, wala inajuaje kwamba yenyewe ni ya kutoka na si ya kubaki. Chembe ya fedha haina jina. Inakwambia tu kwamba hapa palikuwa na mionzi.

Swali la "inajuaje" lilijibiwa na watu wa biokemia, na jaribio lao ndilo ninalolipenda kuliko yote katika mtaala ule. Günter Blobel na David Sabatini walikuwa wamependekeza mwaka 1971 kwamba mwanzo wa protini yenyewe hubeba alama ya kuielekeza. Mwaka 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein wakalijaribu wazo hilo nje ya seli kabisa, ndani ya mirija. Walichukua mRNA, yaani nakala ya maelekezo ya jeni, ya kipande cha kingamwili kutoka kwa panya, wakaitafsiri kuwa protini ndani ya mchanganyiko usio na seli hai, kisha wakaipima protini hiyo kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa urefu wake. Ilitoka ndefu kuliko ile ambayo seli humwaga. Walipoweka vipande vya utando wa retikulamu kutoka kongosho la mbwa wakati tafsiri ikiendelea, protini ilitoka fupi, yenye urefu sahihi. Alama ilikuwa imekatwa.

Hapo msomaji wa haraka angefunga makala. Mwalimu wetu alituzuia. Alisema tusimame, tuandike kila maelezo mengine yanayoweza kutoa mistari ileile kwenye jeli. Pengine ule utando una kimeng'enya kinachokata protini yoyote, wakati wowote, na habari ya kuvuka utando haipo kabisa. Basi tukaulizwa: ungefanya nini kuliondoa wazo hilo? Tukafika wenyewe kwenye majaribio yaliyokuwa ukurasa unaofuata. Weka utando baada ya tafsiri kukamilika: protini inabaki ndefu, kwa hiyo kukata kunahitaji utando uwepo wakati protini inatengenezwa. Weka kimeng'enya cha kusaga protini kwenye mrija: protini fupi inasalimika, ndefu inasagwa, kwa hiyo fupi imejificha ndani ya kifuko. Halafu ile ya mwisho, ambayo wengi wetu hatukuiwaza: weka sabuni ya kuyeyusha utando pamoja na kimeng'enya kilekile. Sasa protini fupi nayo inasagwa. Bila hatua hiyo mtu angeweza kudai kwamba protini fupi ni ngumu tu kusagika, na hoja nzima ya kuvuka utando ingelegea.

Safu ile moja ya sabuni kwenye jeli ilinifundisha maana ya kontroli, jaribio la ulinganisho, kuliko fasili zote nilizowahi kukariri. Kontroli ni jibu kwa mpinzani mahususi. Ukiulizwa kontroli fulani ni ya nini na huwezi kumtaja mpinzani inayemnyamazisha, basi imewekwa kwa mazoea.

Biokemia nayo ina upofu wake. Ndani ya mrija umeondoa kila kitu isipokuwa ulivyovichagua. Umeonyesha kinachoweza kutokea; seli hai inaweza kuwa na mambo yake mengine. Ndipo zamu ya jenetiki ilipofika, na darasa likabadilika sura. Peter Novick na Randy Schekman walitumia hamira ileile ya kuoka mikate. Walitafuta mutesheni zinazoharibu usafirishaji, lakini seli isiyoweza kusafirisha protini zake haiwezi kukua, na seli isiyokua huwezi kuichunguza. Walitoka kwenye mtego huo kwa kutafuta mutesheni zinazotegemea joto: seli inaishi vizuri kwenye nyuzi 25, inakwama kwenye nyuzi 37.

Halafu kulikuwa na tatizo la kuzipata kati ya maelfu ya seli zisizo na hitilafu. Hapa pana wazo ambalo bado linanipa furaha kila ninapolieleza darasani. Seli iliyoshindwa kupeleka vifuko kwenye utando wa nje haipanuki, lakini inaendelea kutengeneza protini ndani. Ukubwa uleule, vitu vingi zaidi: inakuwa nzito kwa ujazo. Basi zungusha seli kwenye sentrifuji ndani ya kimiminika chenye msongamano unaoongezeka kuelekea chini, na zenye hitilafu zitazama chini ya zenzao. Kwa njia hiyo, mwaka 1980, Novick, Charles Field na Schekman waliripoti jeni 23 zinazohitajika katika usafirishaji. Mwaka uliofuata wakazipanga kwa zamu: ukiweka mutesheni mbili katika seli moja, mzigo unakwama kwenye kituo cha mapema zaidi, na kwa kulinganisha jozi baada ya jozi unapata mpangilio wa njia nzima. Ulifanana na ule wa Palade, ingawa viumbe vilikuwa tofauti na njia ya kuuliza ilikuwa tofauti kabisa.

Upofu wa jenetiki? Upo pia. Jeni iliyoharibika inaweza kuvuruga usafirishaji kwa njia ya mzunguko, kwa mfano kwa kupunguza nishati ya seli. Na jeni yenye pacha anayefanya kazi ileile itapita bila kuonekana, kwa sababu ukiharibu moja, pacha anashika zamu. Orodha ya jeni 23 ilikuwa orodha ya majina bila kazi.

Sasa angalia namna pande hizi zilivyokutana. James Rothman na wenzake walikuwa wakijenga usafirishaji wa Golgi nje ya seli. Waligundua kwamba kemikali iitwayo N-ethylmaleimide inausimamisha, na kwamba unaweza kuurudisha kwa kuongeza protini fulani. Mwaka 1988 protini hiyo ilisafishwa ikapewa jina NSF. Mwaka 1989 jeni yake iliposomwa, ikaonekana kwamba mwenzake katika hamira ni Sec18, mojawapo ya zile jeni za Schekman. Maabara mbili, moja ikivunja seli kwa kemikali na nyingine ikivunja jeni kwa bahati nasibu, zilikuwa zimeshika protini moja bila kujua. Rothman na Schekman walishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2013 pamoja na Thomas Südhof, aliyeonyesha jinsi neva zinavyoamua wakati wa kumwaga vifuko vyao.

Hakuna maabara moja ambayo ingenipitisha katika habari hii yote. Ningeingia moja kwa moja kwenye meza ya maabara, ningejifunza kusafisha protini vizuri, na ningesoma kazi za jenetiki kama mgeni anayeamini kila anachoambiwa, au mbaya zaidi, asiyeamini chochote.

Kutokana na wiki zile tulibaki na maneno mawili ambayo sasa siyaachi: ulazima na utoshelevu. Jenetiki hukwambia nini ni lazima: kiondoe, kazi inakwama. Kujenga upya nje ya seli hukwambia nini kinatosha: weka hivi tu, kazi inafanyika. Kisa safi cha utoshelevu ni kile cha Efraim Racker na Walther Stoeckenius mwaka 1974. Peter Mitchell alikuwa amedai tangu 1961 kwamba seli hutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati yake, kwa kutumia tofauti ya protoni kati ya pande mbili za utando, na wengi walikuwa bado wanatafuta kemikali ya kati isiyoonekana. Racker na Stoeckenius walitengeneza vifuko vya mafuta wakaweka vitu viwili: protini ya arkea, kiumbe cha seli moja kinachofanana na bakteria, inayosukuma protoni ikipigwa na mwanga, na kimeng'enya cha kutengeneza ATP kutoka mitokondria za moyo wa ng'ombe. Wakawasha taa. ATP ikatengenezwa. Vitu viwili kutoka viumbe visivyo na undugu wa karibu hata kidogo, bila chochote katikati isipokuwa protoni. Mitchell alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Ninaposoma makala mpya yenye kichwa cha habari kikubwa, kwanza najiuliza: hapa wameonyesha ulazima, utoshelevu, au wameonyesha tu kwamba mambo mawili yanatokea pamoja?

Nije kwenye hesabu, ambako wanafunzi wengi wa baiolojia hujikunja. Wengi wetu tulichagua baiolojia tukidhani tumeachana nazo. Kozi ya baiolojia ya vipimo ilituonyesha kwamba hesabu ya mistari mitatu inaweza kuiua dhana kabla hujanunua hata chupa moja ya kemikali.

Chukua protini inayotangatanga yenyewe ndani ya seli. Kasi ya kutawanyika kwake ni kama mikromita 10 za mraba kwa sekunde. Muda wa kufika umbali fulani unapatikana kwa kuuzidisha umbali huo kwa wenyewe na kugawa kwa mara mbili ya kasi hiyo. Kwa mikromita 1, upana wa bakteria, unapata sehemu ya 20 ya sekunde. Kwa mikromita 10, sekunde 5. Hadi hapo kutangatanga kunatosha kabisa. Sasa chukua neva inayotoka uti wa mgongo hadi mguuni, karibu mita 1, yaani mikromita milioni moja. Jibu ni sekunde bilioni 50. Gawa kwa sekunde za mwaka: zaidi ya miaka 1,500.

Nilipoiona namba ile nilielewa papo hapo kwa nini lazima seli ziwe na mota. Hakuna aliyehitaji kunieleza zaidi. Mwaka 1985 Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz walitangaza kinesini, waliyoipata kwenye neva kubwa za ngisi. Ni protini inayotembea juu ya mikrotubuli, nyuzi zilizotandazwa ndani ya seli, kwa hatua za nanomita 8, kila hatua ikila molekuli moja ya ATP. Kwa mwendo wa karibu mikromita 1 kwa sekunde, mizigo ikipokezanwa njiani, mita moja inachukua siku kama 12. Na kwa kuwa muda wa kutangatanga unakua kwa mraba wa umbali huku wa kutembea ukikua sawasawa na umbali, unaweza hata kukisia seli ifike ukubwa gani ndipo ianze kuhitaji mota. Kukariri kwamba kinesini inatembea ni kitu kimoja. Kujua kwamba isingewezekana isiwepo ni kitu kingine, na hicho cha pili kinakaa kichwani miaka yote.

Takwimu ndiyo kozi inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo ningeipigania kwanza. Sehemu ya lawama ni ya namna inavyofundishwa: fomula, jedwali, kitufe cha programu. Kungeanzwa na Salvador Luria na Max Delbrück, 1943, hali ingekuwa tofauti. Swali lao lilikuwa hili: bakteria wanaosalimika virusi vinavyoua wenzao, je, usugu wao unaletwa na kukutana na virusi, au ulikuwepo tayari kwa bahati? Walikuza bakteria katika mirija mingi iliyotengana, kisha wakaiweka yote mbele ya virusi na kuhesabu waliosalia. Kama usugu unaletwa na virusi, kila mrija una nafasi ileile, na idadi zitatofautiana kidogo tu. Mtawanyiko utakaribiana na wastani. Kama ulitokea kwa bahati wakati wa kukua, mrija uliopata mutesheni mapema utakuwa na kizazi kikubwa cha wasugu, na mingi itakuwa na wachache au hakuna. Mtawanyiko ulitoka mkubwa mno kuliko wastani. Hawakuiona DNA, hawakujua jeni imetengenezwa na nini, na bado walijibu swali la msingi kuhusu mutesheni kwa kuangalia jinsi namba zinavyotofautiana. Yale ambayo mtu mwingine angeyaita makosa ya kipimo ndiyo yalikuwa jibu lenyewe.

Somo la pili la takwimu ni dogo na linahusu kila siku ya maabara. Mtu amekuza seli kwenye sahani tatu, siku tatu tofauti, akapima seli 100 katika kila sahani. Ana vipimo 300. Je, ukubwa wa sampuli ni 300? Ni 3. Seli za sahani moja zimekula chakula kimoja, zimekaa joto moja, zimeshikwa na mkono mmoja asubuhi moja, haziko huru. Ukiweka 300 kwenye programu itakupa tofauti "kubwa kitakwimu" hata pale ambapo hakuna kitu isipokuwa utofauti wa siku. Ukishalijua hili huwezi kusoma makala kama zamani. Unaenda kwenye maelezo madogo chini ya mchoro, unatafuta wanahesabu nini, na mara nyingi mno hayo hayajaandikwa wazi. Hapo siwi na upole: mchoro usiosema unahesabu nini haujakamilika.

Kozi ya maadili ya utafiti huwekewa saa chache tu. Kwangu mada moja ingetosha kuijaza yote, nayo ni seli za HeLa. Zilichukuliwa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, bila kumwomba ridhaa, nazo ndizo seli za kwanza za binadamu kuendelea kukua bila kikomo maabara. Habari ya ridhaa lazima ifundishwe. Lakini ipo nyingine inayogusa ushahidi wenyewe. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba seli nyingi zilizokuwa zikitumika kama seli za tishu tofauti zilibeba aina moja ya kimeng'enya cha G6PD, aina ya HeLa. Seli za HeLa zilikuwa zimevamia chupa za watu na kuzimeza zilizokuwemo. Watu walikuwa wameandika kuhusu viungo mbalimbali huku wakitazama seli za mtu mmoja. Leo kuna vipimo vya alama za DNA vya kuthibitisha utambulisho wa seli, na bado tatizo halijaisha. Mwanafunzi anayelisikia hili darasani kabla ya kupokea chupa yake ya kwanza atauliza imetoka wapi na ilipimwa lini. Ambaye hajalisikia atasema asante na kuiweka kwenye kabati la joto.

Sitetei kila kozi. Zipo ambazo ni shahada ya kwanza iliyorudiwa kwa slaidi nyingi zaidi, na mtihani wake ni kutaja majina ya protini ishirini za njia fulani ya ishara kwa mpangilio. Hilo ni kupoteza muda wa watu wazima; majina yapo kwenye kompyuta, nayo hubadilika. Kozi ya uzamili naipima kwa jambo moja: je, mtihani unakupa data usiyowahi kuiona na kukuuliza inaruhusu kusema nini? Kama ndivyo, nenda, hata mwalimu awe mkali. Ubaya mwingine ni kupanga kozi nzito na mizunguko ya maabara katika miezi ileile, mwanafunzi akawa anakimbia kati ya sahani zake na zoezi la kinetiki bila kuvitendea haki vyote viwili. Hapo si mwanafunzi aliyeshindwa, ratiba imeshindwa.

Zoezi linalokusanya yote haya ni lile la kuandika pendekezo la utafiti juu ya mada iliyo nje ya maabara yako na kulitetea mbele ya jopo. Wanafunzi huliogopa, nami naona ndiyo saa yenye thamani kuliko zote za mwaka ule. Jopo halikuulizi sana unajua nini. Linauliza: jaribio la kwanza likitoa hapana, la pili bado lina maana? Ukiona protini yako imehama, utatofautishaje kuhama na kutengenezwa upya mahali papya? Kemikali unayotumia inazuia nini kingine? Nimewaona wanafunzi walioandika kurasa safi wakinyamaza kwenye swali la kwanza, kwa sababu majaribio yao matatu yalikuwa yamepangwa kwa mnyororo, kila moja likitegemea lililotangulia lifaulu. Waliopita vizuri ni wale waliokuwa na njia mbili zisizotegemeana kulifikia swali moja, mfano hadubini na jenetiki, ili upofu wa moja uangaliwe na nyingine.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achukue kozi gani ya hiari, humshauri achague iliyo mbali zaidi na maabara anayokwenda. Mwenye kuelekea kwenye hadubini achukue jenetiki. Mwenye kuelekea kwenye hamira achukue biofizikia, hata kama hesabu zitamtoa jasho wiki za mwanzo. Anayekwenda kuchambua data za jinomu kwenye kompyuta akae kozi ya biokemia ya protini, ajue kila nukta kwenye grafu yake ilitoka kwenye mrija gani na inaweza kuharibika vipi. Na takwimu wote waichukue muhula wa kwanza, kabla data haijaanza kuingia, kwa kuwa idadi ya sahani huamuliwa siku ya kupanga jaribio, na ukishamaliza kupima hakuna programu itakayoziongeza.